Mti wa mpira ndani ya chupa: dalili mbaya na pa kutafuta chanzo chake

Kuuingizia mti wa mpira jeni mpya ni kazi ya mwaka na ushei, na ubaya wake ni kwamba kosa halionekani siku lilipotendeka. Unakata tunda leo, uozo unauona wiki ijayo. Unachovya kalasi (lile bonge la seli zisizo na umbo) kwenye agrobakteria, bakteria wanaopitisha jeni kwenye mmea, Jumatatu, miezi miwili baadaye ndiyo unajua ulikosea. Kwa hiyo ukiona dalili usihangaike na chupa iliyo mkononi tu. Fungua daftari, rudi nyuma hatua moja, wakati mwingine tatu.

Ninaouzungumzia ni Hevea brasiliensis, mpira wa Amazon uliohamia Asia, si ule wa jenasi ya muhogo waliotuachia Wajerumani. Hata kwetu upo, kwenye mashamba ya zamani ya Kihuhwi kule Muheza na Kalunga kule Kilombero. Lakini jiko la kazi hii liko mbali: Malaysia, ambako mwaka 1994 watafiti walitangaza kuingiza jeni kwa bunduki ya chembe kwenye kalasi iliyotokana na chavulio (sehemu ya ua inayobeba chavua), Montpellier, Ufaransa, Kottayam, India, na kisiwa cha Hainan, China. Maelekezo mengi utakayoyapata yameandikwa na watu ambao umeme wao haukatiki. Yasome ukilikumbuka hilo.

Njia yenyewe kwa ufupi: tunda bichi, utando wa ndani wa mbegu, kalasi, agrobakteria inayobeba jeni, dawa ya kuchuja seli zisizopokea, viinitete, mche, kitalu.

Kwanza, una sahani za kulinganisha?

Mtu akiniletea sahani iliyokufa, swali langu la kwanza ni hilo. Kila siku ya kuambukiza weka pembeni sahani nne. Ya kwanza, kalasi isiyoguswa kabisa kwenye midia (chakula cha kuoteshea kilichogandishwa) isiyo na dawa: hii lazima iishi. Ya pili, kalasi isiyoguswa kwenye midia yenye dawa ya kuchuja: hii lazima ife. Ya tatu, kalasi iliyochovywa kwenye agrobakteria isiyo na plasmidi yako (duara la DNA linalobeba jeni), nayo juu ya dawa ya kuchuja: ife pia. Ya nne, kalasi iliyoambukizwa kama kawaida lakini ikawekewa dawa ya kuua bakteria tu: iishi.

Ya kwanza ikifa, tatizo ni midia au kalasi, jeni haihusiki. Ya pili ikiishi, dawa yako ni maji. Ya nne ikifa, bakteria wenyewe ndio walioiua kwa wingi wao. Bila sahani hizi unapiga ramli.

Vipande vimeota ukungu au ute ndani ya wiki moja

Angalia uchafu umeanzia wapi. Ukianzia pembeni mwa sahani au juu ya midia pasipo na kipande, umeingia na hewa, mkono au kifuniko: kichujio cha laminafloo (kabati la hewa iliyochujwa), koleo lisilopoa vizuri ukaligusisha mahali, nywele, mazungumzo juu ya sahani iliyo wazi. Ukianzia chini ya kipande chenyewe, umetoka shambani.

Wa shambani huzuilika kwenye tunda, kabla halijafunguliwa. Tunda la mpira lina vyumba vitatu, mbegu moja kila chumba, na likiwa zima ndani yake ni safi kuliko meza yako. Lioshe kwa sabuni, liloweke kwenye jiki iliyopunguzwa maji na tone la sabuni ya kulainisha, kisha lichovye kwenye spiriti na ulipitishe motoni ndani ya laminafloo. Lipasue hapo hapo. Tunda lenye ufa, tundu la mdudu au doa laini litupe. Nimeona mtu analionea huruma tunda moja lenye kovu dogo, akapoteza sahani kumi na mbili, kwa sababu kisu kile kile kiliendelea kukata.

Ukungu ukitokea kwa mstari, doa baada ya doa kama nyayo, huo ni utitiri. Anatembea kutoka chupa hadi chupa akibeba mbegu za ukungu miguuni. Hapo usisafishe sahani moja moja. Toa rafu nzima, pika kila kitu kwenye otoklevu (jungu la mvuke wa shinikizo).

Vipande vinageuka kahawia, kisha vyeusi

Mpira una utomvu na una fenoli (kemikali zinazogeuka kahawia zikipata hewa) nyingi, kwa hiyo kukata ni kuumiza na jeraha linajibu. Weusi kidogo kwenye ukingo ni kawaida. Weusi unaoingia kwenye midia na kuifanya kama chai ya rangi ni kifo.

Sababu ninayoikuta mara nyingi ni kisu butu. Badilisha wembe kila baada ya matunda machache, kata vipande vyembamba kama milimita moja, na usivikamue kwa koleo. Ya pili ni mwanga: kalasi ya mwanzo ikae gizani. Ya tatu ni uvivu wa kuhamisha. Kipande kilichoanza kutoa rangi kihamishiwe midia mpya ndani ya siku chache, si kusubiri ratiba ya wiki tatu. PVP (unga unaokamata fenoli) au vitamini C kwenye midia husaidia. Unga wa mkaa nao hunyonya fenoli, lakini hunyonya na homoni zako pia, kwa hiyo kwenye hatua ya kutengeneza kalasi mimi siutii. Nautunza kwa ajili ya viinitete baadaye.

Kama umefanya yote hayo na bado ni nyeusi, uliza umri wa tunda. Kinachotakiwa ni tunda bichi la wiki 8 hadi 10 hivi tangu uchavushaji. Ukipasua mbegu ya umri huo unakuta nyama nyeupe yenye unyevu, kama dafu lililoanza kukaza, na kiinitete bado kidogo mno. Mbegu iliyokwisha kukomaa haikupi kitu. Na kwa kuwa mpira hupukutisha majani kisha ukachanua pamoja na majani mapya, matunda ya umri huo unayapata kwa dirisha fupi la mwaka. Ukilikosa, umekosa hadi msimu ujao. Panga maabara kufuata mti, maana mti hautaisubiri maabara.

Na usitumie kiinitete cha ndani ya mbegu kwa sababu tu ni rahisi kuotesha. Utando wa mbegu ni mwili wa mama, kwa hiyo mche unaotoka humo ni nakala ya mama, iwe klone (aina inayozalishwa kwa nakala) ya PB 260 au RRIM 600. Kiinitete kina baba, na baba humjui.

Kalasi ni nyingi, lakini viinitete havitoki

Hili ndilo linalokula muda wa watu, kwa sababu sahani inaonekana imefanikiwa.

Kalasi nzuri ya mpira ni njano ya samli na inapukutika: ukiigusa kwa koleo inaachana chembe chembe, kama chenga za mkate mkavu. Mbaya ziko za aina mbili. Kuna nyeupe, laini, yenye maji, inayokua haraka na kukufurahisha. Hiyo ni sifongo, haina mtoto. Kuna ya kahawia, ngumu kama kokoto, inayokua taratibu, hiyo imezeeka.

Ya maji mara nyingi huletwa na midia laini au sahani iliyozibwa mno. Midia ikikaa kwenye otoklevu kupita kiasi, pH hushuka na aga haigandi vizuri. Dakika 15 hadi 20 kwa nyuzi 121 zinatosha kwa chupa ndogo. Wengine hujaza chupa ya lita mbili, wakaona haijachemka vya kutosha, wakarudia. Midia iliyopikwa mara mbili imwage. Funga sahani kwa mkanda unaopitisha hewa kidogo, na ukiona matone ya maji kwenye kifuniko ujue rafu ya chini ina joto kuliko ya juu.

Ya kokoto huletwa na oksini (homoni ya ukuaji) nyingi kwa muda mrefu, au na umri tu. Kalasi iliyohamishwa miezi na miezi hupoteza uwezo wa kuzaa viinitete hata ikiwa inaendelea kunenepa, na hitilafu za kromosomu nazo hujilimbikiza. Dawa yake haiko kwenye homoni. Ni kugandisha akiba ya kalasi changa kwenye naitrojeni ya maji mara tu unapopata mstari mzuri (ukoo mmoja wa kalasi), kisha kila jaribio uanze na kichupa kipya. Asiye na tangi la naitrojeni akubali kurudi kwenye matunda kila msimu.

Ukihamisha, chagua. Usichote bonge zima. Keti na darubini ndogo, chukua njano inayopukutika, iliyobaki iache. Ni kazi ya kuchambua mchele na haina njia ya mkato.

Hakuna hata doa moja la buluu

Umeambukiza, umepima GUS (jeni ya alama inayoipa seli iliyoipokea rangi ya buluu), na kalasi ni ya njano ile ile. Hapa pana mambo mengi, na kwa bahati mbaya watu huanza na lile gumu kuliko yote, yaani plasmidi.

Sisi tulianza hivyo hivyo. Miezi miwili tukalaumu plasmidi. Tukaitoa upya, tukaikata kwa vimeng'enya, ikawa sawa. Tukabadilisha bakteria. Hakuna. Siku moja akaja fundi wa viyoyozi kwa shughuli nyingine kabisa, nikamwambia chumba hiki lazima kiwe nyuzi 20, tazama kimeandika 20. Akatazama juu, akatazama rafu.

"Dada, hiyo namba ni ya mashine. Chumba hujakiuliza."

Akachomoa kipimajoto mfukoni, akakilaza kwenye rafu yetu, chini ya sahani, karibu na taa za rafu ya chini yake. Tukanywa chai. Tuliporudi kilisoma 27.

Agrobakteria hukua vizuri kwenye nyuzi 28, na hapo ndipo mtego ulipo: unawaona wamestawi, unadhani wanafanya kazi. Lakini ile mirija wanayopitishia DNA kuingia kwenye seli hujengeka vibaya joto likikaribia 30, na kwa mpira siku za kukaa pamoja zimeonekana kwenda vizuri zaidi kwenye nyuzi 20 kuliko 27. Kuotesha bakteria ni 28. Kuambukiza ni 20. Tulihamisha sahani kwenye rafu isiyo na taa chini yake. Wiki hiyo hiyo tukapata madoa, machache, kama mtu aliyetikisa kalamu ya wino.

Baada ya joto, kagua asetosiringoni. Ndiyo harufu ya jeraha inayowaamsha bakteria, na kama imeyeyushwa zamani na kuachwa mezani haina nguvu. Tengeneza mpya, gawa kwenye vichupa vidogo, gandisha, na kumbuka kwamba bakteria huamka vizuri kwenye uchachu kidogo, pH ya 5.2 hadi 5.6 hivi.

Kisha kalisi (madini ya kalsiamu, si kalasi). Hili ni la mpira hasa: kalasi iliyokaa kwanza kwenye midia isiyo na kloridi ya kalisi, kabla ya kuambukizwa, hupokea jeni vizuri zaidi. Watafiti wa Ufaransa waliofanya kazi na PB 260 walilionyesha hilo, na kalasi hiyo hiyo huvumilia kugandishwa vizuri pia. Kama maelekezo yako hayana hatua hiyo, iongeze kabla hujanunua plasmidi nyingine.

Halafu umri wa bakteria. Waliokaa usiku kucha hadi wakachoka hawana hamu ya kazi. Wachukue wakiwa bado wanakua, wapunguze hadi maji yawe na ukungu mwepesi tu.

Na kinyume chake: buluu kila mahali, hata kwenye sahani isiyoambukizwa. Usishangilie. Baadhi ya tishu zina kimeng'enya chao kinachofanana na GUS. Pandisha pH ya kipimo hadi 7 na kuongeza methanoli, buluu ya uongo hufifia. Na kama jeni yako ya GUS haina introni (kipande cha katikati ya jeni ambacho seli ya mmea hukiondoa), bakteria wenyewe wanaweza kuwa ndio wenye buluu. Iliyo na introni hawawezi kuisoma, seli ya mmea tu ndiyo inaweza.

Agrobakteria wamerudi

Dalili: ute wa rangi ya maziwa unaotambaa kuzunguka kalasi, siku tatu au wiki sita baada ya kuosha. Ukiinamisha sahani kwenye taa unaona mng'ao wake kabla hata haujawa mwingi.

Ukitokea mapema, uliweka bakteria wengi au hukukausha. Baada ya kuchovya, laza kalasi juu ya karatasi ya chujio hadi isiache alama ya maji. Ukitokea baadaye, dawa imekwisha nguvu. Sefotaksimu haidumu kwenye midia. Hamisha kila wiki mbili mwanzoni, na uiongeze midia ikiwa imepoa hadi uweze kushika chupa kwa mkono, si ikitoka kwenye otoklevu. Timentin hudumu vizuri zaidi, mfuko ukiruhusu. Kabenisilini mimi naikwepa kwa sababu ina tabia za oksini na inakuvurugia hatua ya viinitete.

Bonge lililokwisha kufunikwa na ute, usilioshe. Litupe.

Dawa ya kuchuja inaua kila kitu, au haiui chochote

Kanamaisini ni dawa ya mazoea, lakini kalasi ya mpira huivumilia, hivyo unapata mabonge yanayoishi bila jeni. Paromomaisini huchuja kwa ukali zaidi kwa jeni ile ile ya ukinzani. Kwa vyovyote, usichukue kipimo cha mtu mwingine: chukua kalasi yako isiyoambukizwa, iweke kwenye viwango vitano au sita, ngoja mwezi, chagua kile cha chini kabisa kinachoua chote. Rudia ukibadilisha klone.

Ikiua kila kitu, huenda uliianzisha mapema mno. Wape siku kadhaa kwenye dawa ya bakteria pekee, halafu chuja kwa kupanda ngazi. Na weka vibonge vidogo vilivyotengana. Bonge kubwa lina seli za juu ambazo hazigusi dawa. Zinaishi mgongoni mwa seli zenye ukinzani, na baadaye unapata mche nusu hivi nusu vile.

PCR inasema ndiyo, mche unasema hapana

PCR ni kipimo kinachonakili kipande cha DNA unachokitafuta. Mstari wake upo kwenye jeli, lakini mche hauonyeshi chochote. Kwanza shuku bakteria waliojificha. Pima pia jeni ya virulensi, ambayo iko kwa bakteria na haihami kwenda kwenye mmea. Ikionekana, jibu lako la ndiyo halina thamani bado. Southern, kipimo kinachoitafuta jeni ndani ya DNA ya mmea wenyewe bila kuinakili, ndiyo hukumu, na itakuambia pia ni nakala ngapi zimeingia. Zikiwa nyingi, mmea wenyewe mara nyingi huinyamazisha jeni.

PCR ikikataa kila kitu, hata jeni ya kawaida ya mpira, shuku utomvu na fenoli kwenye DNA. DNA yenye rangi ya kahawia haifai. Tumia CTAB (sabuni ya kutolea DNA) yenye PVP na mekaptoethanoli, jani changa, na ujaribu kuipunguza mara kumi kabla ya kuanza upya. Mara nyingi mstari hujitokeza hapo hapo.

Viinitete vimetoka, lakini havisongi mbele

Vingine hubaki duara. Vingine huwa na majani ya mbegu yaliyoungana kama kikombe. Vingi, na hii ndiyo huzuni ya mpira, hutoa mzizi mzuri bila chipukizi.

Kiinitete cha shambani hukomaa kwa kukaushwa polepole na kulishwa sukari. Cha chupani lazima ukidanganye vivyo hivyo: asidi ya absisiki (homoni ya kukomaza), midia yenye ukavu wa PEG (kemikali inayoshika maji) au sukari nyingi, kisha kukikausha taratibu kwenye hewa yenye unyevu uliopimwa. Kubadilisha sukari ya kawaida kwa maltosi kumewasaidia wengi, kwa sababu huchomwa polepole. Usiharakishe kukipeleka kwenye mwanga. Kikiwa cheupe kama meno na kigumu kidogo, tayari. Kikiwa na maji na kinang'aa, bado.

Majani yakitoka mazito, ya kioo, yanayovunjika ukiyagusa, chupa ina unyevu mno: badilisha kifuniko, ongeza aga, punguza saitokinini (homoni ya machipukizi).

Mche ulikuwa mzuri kwenye chupa, umekufa kitaluni

Jani la chupani halijui kufunga vinywa vyake. Ulitoe jua kali siku ya kwanza, linakauka kabla ya saa nane mchana. Osha aga yote kwenye mizizi (sukari iliyobaki ni karamu ya ukungu), panda kwenye mchanga na maganda ya nazi yaliyopikwa, funika kwa nailoni, kisha fungua pembe kidogo kidogo kwa wiki tatu au nne. Tumia kifuko kirefu. Mpira una mzizi mkuu, na ukijikunja chini ya kifuko kifupi mti utakuja kuanguka na upepo miaka mingi baadaye, wewe umeshasahau.

Shina likinyauka usawa wa udongo, ulimwagilia sana. Likinyauka kutoka kileleni, hukumwagilia hewa: kilichokosekana ni unyevu wa juu.

Miche yenye jeni haitoki kwenye kitalu kilichofungwa bila kibali cha usalama wa kibayolojia, na karatasi hizo zianze siku ya tunda la kwanza. Kenya ina sheria yake ya mwaka 2009, Tanzania ina kanuni za mwaka huo huo. Wahindi wa Kottayam walipopata mpira wenye jeni ya kuhimili baridi, ni mwaka 2021 ndipo uliposhuka ardhini, mbali na jimbo lao la Kerala, karibu na Guwahati huko Assam.

Ukipata mche mmoja tu uliopita vipimo vyote, usiutegemee huo huo. Kata macho yake, bebesha kwenye mashina ya miche ya mbegu, upate mitano au sita. Kichupa cha kalasi yake kiandike klone, tarehe ya tunda na namba ya mstari, kwa penseli, maana wino wa kalamu ya alama hufutika kwenye naitrojeni.